Kabla ya Kusoma Picha ya Kontena, Ijue Fuwele

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaomaliza masomo ya umeme na kutamani kazi ya kutunza skana za mizigo bandarini hukimbilia kujifunza kusoma picha. Ningewashauri waanze na fuwele, kwa kuwa dosari ya fuwele haiondolewi na programu yoyote ya kupamba picha.

Skana ya kontena hutumia eksirei kali, mara nyingi za megavolti 6, zinazotoka kwa mapigo mafupi, kwa mfano 200 kwa sekunde. Ng'ambo ya kontena husimama safu ya fuwele ndogo zinazotoa mwanga zikipigwa na eksirei, na nyuma ya kila fuwele fotodayodi huugeuza mwanga huo kuwa umeme.

Wanaoanza hulinganisha fuwele kwa wingi wa mwanga pekee. Sesiamu ayodidi yenye thaliamu huwavutia, kwani hutoa fotoni (chembe za mwanga) zipatazo 54,000 kwa kila megaelektrovolti ya nishati inayonaswa, ilhali kadimiamu tangsteti hutoa takriban robo ya hizo. Nawasihi wapige hesabu kwanza. Kwa eksirei za megavolti 6, kila milimita 100 za chuma hupitisha karibu sehemu moja ya kumi tu ya eksirei. Kwa hiyo nyuma ya milimita 300 hubaki sehemu moja ya elfu. Sesiamu ayodidi iliyopigwa bila kizuizi huweza kuendelea kung'aa kwa asilimia 0.5 hadi 5 milisekunde 6 baadaye, na pigo jingine huja baada ya milisekunde 5. Mabaki hayo ya mwanga huzidi ishara halisi ya chuma, hivyo ukingo wa mzigo huvuta mkia na chuma kinene huonekana chembamba. Kadimiamu tangsteti hubakiza chini ya asilimia 0.1, tena ni nzito zaidi, gramu 7.9 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 4.5, hivyo hunasa eksirei nyingi zaidi katika unene uleule. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa inayostahili kulipiwa.

Hewa ya pwani yetu nayo ina lake. Sodiamu ayodidi, fuwele nyingine inayotoa mwanga, hunyonya unyevu na kuharibika isipofungwa vizuri. Kadimiamu tangsteti hainyonyi, lakini viunganishi vya nyaya hupata kutu hata hivyo. Msimu wa korosho huanza kipindi ambacho joto linapanda, na umeme unaovuja ndani ya fotodayodi gizani huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Kipimo cha giza, yaani cha umeme huo eksirei zikiwa zimezimwa, kilichochukuliwa alfajiri hakitoshi mchana, kirudiwe.

Kadimiamu ni sumu, na fuwele yake hupasuka kirahisi. Usiikwangue wala kuipiga tupa, na vipande vikusanywe kwa glovu.

Kontena la magunia ya korosho ghafi hufaa sana kujifunzia, kwa sababu mzigo wake unafanana kote. Ukiona mstari mwembamba wa mlalo, kimo kilekile kutoka mwanzo wa kontena hadi mwisho, tafuta hitilafu katika safu ya fuwele kabla ya kumshuku mwenye mzigo. Mitambo ikiwa imezimwa, badilisha nafasi ya moduli (kipande cha safu chenye fuwele na fotodayodi zake) iliyo kwenye kimo hicho na jirani yake, sawazisha upya, kisha piga picha nyingine: mstari ukihama na moduli, ubovu uko kwenye fuwele au fotodayodi yake, ukibaki palepale, kagua kebo na kadi ya kusomea ishara.