Simu Haihesabiki: Kupinga Bili ya Kadi ya Mkopo Marekani

Wiki iliyopita msomaji anayeishi Marekani alituletea ujumbe mrefu. Alinunua meza na viti sita kwa kadi ya mkopo, mzigo haukufika, na kwa miezi mitatu akawa anaipigia benki simu. Kila alipopiga alipokelewa vizuri, akapewa namba ya kumbukumbu, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Mwezi wa nne akajibiwa kwamba muda umekwisha. Anauliza: umekwishaje, na mimi nilitoa taarifa tangu mwanzo?

Jibu linauma. Hakutoa taarifa kwa namna ambayo sheria inaitambua. Sheria ya Marekani kuhusu makosa kwenye bili za mkopo, Fair Credit Billing Act ya mwaka 1974, inataka maandishi. Ukipiga simu, benki inaweza kukusaidia kwa hiari yake au kwa taratibu za mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, lakini saa ya kisheria haijaanza kuhesabu. Yule kijana mpole wa huduma kwa wateja hana wajibu wa kukwambia hivyo, na mara nyingi hajui mwenyewe.

Basi tuandike barua. Ni nusu ukurasa tu, lakini mambo manne huwaangusha watu.

La kwanza ni anwani. Stetimenti, yaani taarifa ya bili ya kila mwezi, ina anwani mbili: moja ya kupelekea malipo, nyingine ya maulizo na malalamiko ya bili. Barua iende kwenye hii ya pili. Ukiitia kwenye bahasha ya malipo, itafunguliwa na mashine au mtu ambaye kazi yake ni kuchukua hundi, na benki itakuwa na hoja ya kusema haikupokea kitu. Usiandike malalamiko kwenye kile kipande cha stetimenti kinachokatwa na kurudishwa pamoja na malipo. Na kama unapenda kutuma kwa mtandao, soma kwanza maelezo ya haki zako nyuma ya stetimenti: ujumbe wa kielektroniki unahesabika kama barua pale tu benki yenyewe ilipoandika kwamba inaupokea kwa ajili hiyo.

La pili ni siku. Unazo siku 60 tangu benki ilipotuma stetimenti ya kwanza yenye kosa. Ndani ya siku hizo barua iwe imeshafika; muhuri wa posta hauhesabiki. Stetimenti ikitumwa Machi 3, barua iwe mezani kwao kabla Mei 2 haijapita. Ukiipeleka posta Aprili 30 umecheza kamari. Tumia huduma ya posta ambayo mpokeaji anasaini nawe unarudishiwa uthibitisho. Huo uthibitisho ndio ushahidi wako, uubane pamoja na nakala ya barua.

La tatu ni yaliyomo: jina lako, namba ya akaunti, kiasi, tarehe ya muamala, na sababu ya kusema ni kosa. Haitakiwi lugha ya wakili. Hii inatosha: “Napinga malipo ya dola 640 yaliyoingizwa tarehe 18 Februari. Mzigo ulipaswa kufika tarehe 1 Machi na haujafika hadi leo. Naomba kiasi hicho na riba yake viondolewe. Naambatisha nakala ya oda na barua pepe za muuzaji.” Kwa Kiingereza, bila shaka. Ambatisha nakala, karatasi halisi baki nazo. Habari za jinsi ulivyoudhika ziache nyumbani. Hazisaidii kitu, na zinaficha ile tarehe ambayo afisa anaitafuta.

La nne ni kujua kosa la bili ni lipi. Muamala usioufanya wewe ni kosa. Kiasi au tarehe isiyo sahihi ni kosa. Mzigo usiofika, au uliofika tofauti na makubaliano ukaukataa, ni kosa. Hesabu mbaya, malipo uliyolipa yasiingizwe, bidhaa uliyorudisha fedha isirudi: yote makosa. Lakini sofa uliyoipokea, ukaikalia miezi miwili, kisha ikapasuka, hiyo ni habari ya ubora, na ina njia yake tutakayoifikia.

Barua ikishafika, mizani inageuka. Benki ina siku 30 kukujibu kwa maandishi kwamba imeipata, isipokuwa imemaliza suala kabla ya hapo. Kisha ina mizunguko miwili kamili ya bili, isizidi siku 90, kurekebisha au kukueleza kwa nini inaona bili ni sahihi. Katika muda huo huwajibiki kulipa kiasi unachopinga wala riba yake. Benki hairuhusiwi kukidai, wala kukuripoti kwa Equifax, Experian au TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, kuwa umechelewa kulipa kiasi hicho, wala kukufungia akaunti kwa sababu tu umelalamika. Inaweza, hata hivyo, kuendelea kukihesabu ndani ya kikomo chako cha mkopo, kwa hiyo usishangae nafasi ikiwa finyu.

Hapa wengi huharibu. Wanaacha kulipa bili yote. Sheria inakuruhusu kuzuia kile unachopinga tu. Kama bili ni dola 900 na unapinga 640, zile 260 zina tarehe yake kama kawaida, na ukizikalia utaripotiwa kwa haki kabisa. Kosa jingine ni malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi. Kama akaunti inayokatwa iko benki hiyohiyo iliyotoa kadi, barua ikifika angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya makato, hawaruhusiwi kukata sehemu inayopingwa. Kama fedha zinatoka benki nyingine, ingia mwenyewe ubadilishe kiasi. Hakuna atakayekufanyia.

Benki isipofuata utaratibu huu, kwa mfano ikajibu siku ya 45, inapoteza haki ya kudai dola 50 za mwanzo za kiasi kinachopingwa, hata kama bili ilikuwa sahihi. Si fedha nyingi, ila ni adhabu ya moja kwa moja. Zaidi ya hapo unaweza kushtaki ndani ya mwaka mmoja tangu ukiukaji, na ukishinda mahakama inaweza kukupa mara mbili ya gharama za riba, kwa kima cha chini cha dola 500 na kisichozidi 5,000, pamoja na ada ya wakili. Kabla ya mahakama kuna kupeleka malalamiko kwa CFPB, taasisi ya serikali kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Ambatisha ule uthibitisho wa posta.

Kadi ikiibiwa mambo ni kinyume: hapo piga simu, tena sasa hivi. Kwa matumizi yasiyoidhinishwa sheria inakubebesha dola 50 kwa upeo, na kilichotumika baada ya kutoa taarifa hakikuhusu. Kama kilichoibwa ni namba tu na kadi iko mfukoni, hudaiwi kitu. Linganisha na kadi ya benki inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, ambayo iko chini ya sheria nyingine ya 1978: ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kujua kadi imepotea, dola 50, ukichelewa, hadi 500, na ukiacha siku 60 zipite tangu stetimenti kutumwa, yanayoibwa baada ya hapo yanaweza kuwa yako yote. Ndiyo maana hatuelewi mtu anayenunulia vitu vya mtandaoni kadi hiyo wakati ya mkopo anayo.

Ila usimpe shemeji kadi akanunue mafuta ya dola 40, akarudi na simu ya 900, kisha ukaita wizi. Benki itasema ulimruhusu, na kwa kawaida itashinda.

Upande wa riba, sheria ya kulinda wenye kadi za mkopo, CARD Act ya 2009, ambayo sehemu yake kubwa ilianza Februari 22, 2010, inataka bili itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, tarehe iwe ileile kila mwezi, na riba isipandishwe mwaka wa kwanza isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Baada ya hapo benki ikitaka kupandisha, itoe notisi ya siku 45, na deni la zamani libaki na riba ya zamani mradi hujachelewa siku 60. Mtego uko katikati: ununuzi unaoufanya baada ya siku 14 za notisi unaweza kuingizwa kwenye riba mpya pindi zile 45 zikitimia. Watu hununua friji siku ya 20 wakidhani wamewahi. Na riba inayofuata kipimo cha soko hupanda bila notisi yoyote.

Unacholipa juu ya kima cha chini cha malipo ya mwezi lazima kipelekwe kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Kima cha chini chenyewe benki hukipeleka inakotaka, nawe unajua itataka wapi: kwenye deni lenye riba ndogo. Kwa hiyo anayelipa kima cha chini pekee hafaidiki na kifungu hiki hata senti. Angalia pia kadi za biashara: sehemu kubwa ya CARD Act haizigusi, hata kama mwenye biashara ni wewe peke yako na duka lako liko sebuleni.

Sasa turudi kwa msomaji wetu, maana hajafungiwa milango yote. Ile njia ya ubora tuliyoiahidi inafaa hata kwa mzigo usiofika, na haina kikomo cha siku 60. Inakuruhusu kuikatalia benki malipo kwa hoja zilezile ambazo ungemkatalia muuzaji. Masharti: bei izidi dola 50, ununuzi uwe umefanyika katika jimbo lako au ndani ya maili 100 kutoka anwani yako, na uwe umejaribu kwa nia njema kumalizana na muuzaji. Masharti ya bei na umbali huondoka kama benki ndiyo mwenye duka. Kwa ununuzi wa mtandaoni, mahali pa ununuzi huamuliwa na sheria ya jimbo, hivyo pana ubishi.

Sharti kali kuliko yote ni kwamba unaweza kukatalia tu kiasi cha ununuzi huo ambacho bado hujakilipa siku unapoiarifu benki. Tumemuuliza kama amekuwa akilipa. Amekuwa akilipa kidogokidogo, kwa kuogopa jina lake kuharibika. Lakini kanuni inahesabu malipo hivi: kwanza ada za kuchelewa, kisha riba, kisha ununuzi kuanzia ule wa zamani. Meza aliinunua akiwa tayari na deni la dola 1,100 kwenye kadi hiyohiyo, na tangu hapo amelipa 450. Duka liko maili 30 kutoka kwake. Dola zote 640 za meza na viti bado ziko wazi, na barua anaiandika leo.