Kipimo kinasema virusi havionekani, mbona kidonge hakiishi?

Majibu ya wingi wa virusi vya Ukimwi yakirudi kwamba havikuonekana, swali linalofuata karibu kila mara ni lilelile: basi si nimepona? Hapana, hujapona, na sababu iko kwenye namna virusi hivi vinavyoishi mwilini. Kipimo kile huchukua majimaji ya damu na kuhesabu virusi vinavyoelea humo. Vilivyojichimbia ndani ya seli hakivihesabu. Ni kama mtu aliyepita shambani jioni, akaona hakuna nyuki hewani, akasema mzinga ni mtupu.

Virusi vya Ukimwi ni vidogo mno. Ukivipanga mstari mmoja, vitahitajika kama 8,000 hadi 10,000 kujaza milimita moja. Havizaliani vyenyewe, lazima viingie kwenye seli ya mtu, na mlango vinaoujua una vitasa viwili: cha kwanza kinaitwa CD4, cha pili mara nyingi ni CCR5. Seli zenye CD4 kwa wingi tumezoea kuziita askari wa mwili. Neno limezoeleka, ila sisi tungeziita wanyapara, kwa sababu kazi yao kubwa ni kuziambia seli nyingine ziue nini, zitengeneze kingamwili gani na ziache lini. Nyapara akiondoka vibarua wapo, lakini kazi haiendi. Ndiyo maana mtu mwenye CD4 chache huugua utando mweupe mdomoni, kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, magonjwa ambayo mwili wenye wanyapara wake huyazuia mara nyingi bila hata mwenyewe kujua.

Kirusi kikishaingia, vimeng'enya vitatu hufanya kazi kwa zamu. Cha kwanza hunakili maandishi ya kirusi, yaliyo katika RNA, yawe DNA, aina ya maandishi ambayo seli ya mtu hutumia. Cha pili, integrezi, huichomeka DNA hiyo katikati ya DNA ya seli yenyewe. Cha tatu, protezi, hukatakata minyororo mirefu ya protini ili virusi vipya vikomae. Hatua ya pili ndiyo yenye shida yote. Ikishapita, maandishi ya kirusi ni sehemu ya seli hiyo mpaka ife.

Sasa angalia kidonge cha TLD unachokipata kliniki. Ndani yake mna tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza ni matofali bandia: kimeng'enya cha kunakili kinayaokota, kinayapanga, na ukuta unaishia hapo. Dolutegraviri huziba integrezi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye seli iliyokwisha kuchomekwa na kung'oa kilichochomekwa. Zinalinda seli ambazo bado hazijaguswa, basi.

Kwa nini tatu? Kimeng'enya cha kunakili ni mwandishi mzembe, hukosea herufi na hajisahihishi. Kirusi kina herufi zipatazo 9,700, na mwili usiotumia dawa hutengeneza virusi takriban bilioni 10 kwa siku. Kwa hesabu hiyo kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea hutokea kila siku mahali fulani mwilini. Kwa lamivudini, kosa moja tu lililo mahali pake linatosha kuleta usugu. Kupata makosa yanayoshinda dawa zote tatu kwa pamoja ni vigumu sana, mradi zote zipo kwenye damu. Anayemeza leo na kuruka kesho kutwa anawapa virusi nafasi ya kuzaliana huku dawa kidogo ikiwachuja wale wabishi.

Dolutegraviri inahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo watu wanaomeza vizuri kabisa wanapoharibikiwa. Dawa hii hufanya kazi kwa kung'ang'ania madini ya magneziamu yaliyo kwenye kitovu cha integrezi. Kwa hiyo ikikutana na magneziamu tumboni, kutoka kwenye dawa ya kiungulia, inaishika papo hapo na haipiti tena kwenda kwenye damu. Alumini hufanya vivyo hivyo. Ukiwa na kiungulia, meza TLD saa mbili kabla ya dawa hiyo au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, na vile vya kalsiamu, vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa ni wakati wa chakula. Tumbo likiwa tupu, fuata kanuni ileile ya mbili na sita. Muuzaji wa duka la dawa hajui unatumia nini usipomwambia.

Mwenye kifua kikuu naye ana yake. Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, huchochea ini livunje dolutegraviri haraka, hivyo anaongezewa kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na anaendelea nacho wiki mbili baada ya kumaliza dawa za kifua kikuu kwa sababu ini halitulii siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anayetumia metformini asizidishe miligramu 1,000 kwa siku, maana dolutegraviri huifanya ibaki mwilini kwa wingi.

Turudi kwenye mzinga. Miaka ya 80, Uganda ugonjwa huu uliitwa silimu (kutoka Kiingereza slim, mwembamba) kwa jinsi watu walivyokonda. Jina lilikuwa sahihi kuliko walivyodhani. Sehemu kubwa ya seli za CD4 haziko kwenye damu bali kwenye ukuta wa utumbo, na huko ndiko zinakouawa kwa wingi katika wiki za mwanzo, wakati mtu anaona tu homa, koo kuuma na vipele, akidhani ni malaria. Ukuta ukivuja, bakteria hupenyeza vipande vyao kwenye damu, mwili unabaki kwenye vita ya chinichini, na baadaye huja kuharisha kusikokoma.

Lakini baadhi ya seli zilizochomekwa hazifi. Zinalala. Hizi ni seli za kumbukumbu, zilezile zinazokumbuka chanjo ya utotoni, nazo zimeumbwa kudumu miaka mingi. Zikiwa zimelala hazitengenezi virusi, kwa hiyo kinga haizioni, kipimo hakizioni, dawa haizigusi. Watafiti wamekadiria kwamba hifadhi hiyo hupungua nusu kila miezi 44 hivi, mwendo unaodai zaidi ya miaka 60 ya dawa kuimaliza. Mtu wa kwanza kujulikana kupona, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa ajili ya saratani ya damu, kutoka kwa mtu aliyezaliwa bila kitasa cha CCR5. Ni tiba inayoweza kuua, na haitolewi kwa mtu anayeendelea vizuri na kidonge.

Ukiacha dawa, seli chache kati ya zile huamka na kwa wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Ubaya ni kwamba husikii kitu. CD4 hushuka polepole, kwa miezi, na katika miezi hiyo mtu anatembea akishuhudia kwamba amepona. Baadhi ya waliokunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo, Tanzania, mwaka 2011 waliacha dozi kwa njia hiyo. Mwenye homa ya ini aina ya B anahatarisha zaidi, kwa kuwa tenofoviri na lamivudini ndizo pia zinazoituliza, na zikikatwa ghafla ini linaweza kuwaka.

Usichanganye vipimo viwili. Wingi wa virusi hushuka ndani ya wiki chache. CD4 hupanda kwa miezi na miaka, na aliyeanza dawa akiwa chini ya seli 200 kwa milimita ya ujazo ya damu anaweza asifike 500 kabisa. Huyo anameza kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na maambukizi, kila siku na anapimwa kifua kikuu pamoja na fangasi wa uti wa mgongo. Akizidiwa na homa au matezi katika miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi ni wanyapara wamerudi na kukuta adui aliyekuwa amejificha. Arudi kliniki siku hiyohiyo, asijikatizie dawa mwenyewe nyumbani.

Kuhusu ndoa: ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenza kwa ngono. Kwa kunyonyesha hatari inakuwa ndogo sana lakini si sifuri, ndiyo maana mtoto hupewa dawa ya kinga na kupimwa akiwa na wiki sita. Kipimo chake kinatafuta kirusi chenyewe, maana kingamwili za mama hukaa kwa mtoto hadi miezi 18.

Kipimo cha wingi wa virusi kikisoma zaidi ya nakala 1,000 kwa mililita, usikimbilie kusema dawa imegoma. Tuambie sisi wa kliniki ukweli wa umezaji, dawa za kiungulia na za kienyeji zikiwemo, kisha kinarudiwa baada ya miezi mitatu. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa nne au pungufu kufikia nyingine. Usimeze viwili kwa mpigo.

Na wale wanaohamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni kwa kuogopa mlio wa kopo ndani ya daladala: unyevu unaviharibu. Viache kwenye kopo lake pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, kisha ulifunge.