Jibu: Nimeokoka, mbona bado naogopa kufa?

Mkuu, umesema unaota majeneza na kukosa usingizi, ukauliza kama kuogopa kufa kunaonyesha humpendi Mungu, kwa vile mchungaji wako alikusomea 1 Yohana 4:18, "pendo lililo kamili huitupa nje hofu". Mimi ni Mkatoliki na wewe mlokole, ila hapa naona tuko chungu kimoja.

Soma na mstari wa 17 hapo juu yake: habari ni ya siku ya hukumu. Huo wa 18 nao unaendelea, "kwa maana hofu ina adhabu". Yohana anamsema mtu anayeishi akidhani Mungu anamvizia amchape. Mwili kutetemeka mbele ya kifo ni jambo jingine. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na sidhani kuna atakayesema alipungukiwa upendo.

Kwenye jumuiya yetu huwa tunapeana zamu za kukesha na wagonjwa. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, saratani ya koo. Alishaungama, padre kashampaka mafuta, lakini usiku hataki taa izimwe. Wageni wa mchana walikuwa wakimkemea, "Mzee, uwe na imani!" Wanaimba, wanakunywa chai, hao wanaondoka. (Chai yenyewe anapika mkewe.) Mkewe hakuwahi kumkemea. Alikuwa akichovya pamba kwenye maji, anamlowanisha midomo, kisha anakaa kando ya kitanda kamshika kiganja mpaka asinzie. Usiku wa zamu yangu nilifungua kitabu cha sala, mzee akanizuia kwa sauti ya kukwaruza: "Nishike mkono kwanza, ndiyo usali."

Hofu haikumwisha, ila ilipungua nguvu. Siku za mwisho alikuwa anaulizia nani atampeleka mkewe kliniki ya presha, akawaita wanawe wapangiane.

Na upendo haungoji hofu iishe. Tarehe 30 Aprili 1997, seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa 40. Nadhani vijana wale waliogopa sana, lakini hawakuachana.

Hilo la kuota majeneza na kukosa usingizi, usilimalizie kwenye maombi tu. Mwambie mkeo, usilifiche, na hospitali pia nenda.