Marubani na mafundi wa Jeshi la Anga la Marekani hawasomi pamoja

Je, marubani na mafundi wa ndege wa Jeshi la Anga la Marekani husoma pamoja? Hapana, hawapiti darasa moja. Rubani lazima kwanza awe ofisa mwenye shahada ya chuo kikuu, ndipo aanze kurusha T-6, ndege ya propela yenye viti viwili, na wale wanaoelekea ndege za kivita huendelea na T-38, ndege ya jeti inayopita kasi ya sauti na ambayo imekuwa ikifundishia tangu mwaka 1961. Akihitimu hudaiwa miaka 10 ya utumishi.

Fundi huandikishwa kama askari wa kawaida, akapata mafunzo ya awali ya kijeshi katika kambi ya Lackland, San Antonio, kisha akapelekwa chuo cha ufundi, na wengi wa mafundi wa ndege husomea Sheppard, Texas. Nadhani mkanganyiko wa kudhani kwamba wanasoma pamoja unatokea hapo, kwa kuwa kambi hiyohiyo ya Sheppard ina pia shule ya marubani wa ndege za kivita wa nchi za muungano wa kijeshi wa NATO, iliyoanza mwaka 1981, ingawa shule hizo mbili huendeshwa na vikosi tofauti.

Jambo ambalo watu hulisahau, nalo ni kubwa, ni kwamba cheti cha chuo humpa fundi ngazi ya mwanagenzi tu. Ngazi zinazofuata huzipata kikosini, akifanya kazi kwenye ndege halisi chini ya fundi mzoefu anayethibitisha kila kazi aliyoiweza, kwani siku moja sahihi ya huyo anayejifunza ndiyo itakayomruhusu rubani kuruka.