Fundi Anajibu: Tujenge tembe au ukumbi wa bati?

SWALI: Shikamoo Mama. Kijiji chetu kiko milimani Kondoa. Tumechangishana, na wenzetu walioko Dodoma na Dar es Salaam wameongeza, sasa tuna pesa ya jengo moja la kijiji. Wazee wanataka tembe kubwa la maonyesho, ile nyumba yetu ya jadi ya kuta na paa la udongo, ili wageni wanaokuja Kolo kuona michoro ya miambani wafike na kwetu. Vijana wanataka ukumbi wa tofali na bati, wanasema tembe ni kurudi nyuma. Kikao cha mwisho kilivunjika. Nimesikia huko China kuna vijiji vya milimani vilivyofufuka kwa kujenga kwa asili yao. Ni kweli? Na sisi tushike lipi?
– Katibu wa kamati, Kondoa

JIBU: Marahaba mwanangu. Na mbukwa, kama tunavyosalimiana sisi Wagogo.

Ulilosikia ni kweli. Vijiji hivyo viko wilaya ya Songyang, jimbo la Zhejiang, kwenye milima na mabonde ya miwa na chai. Vijana walikuwa wanahama, nyumba za udongo zinabaki na wazee. Mbunifu mmoja mwanamke, Xu Tiantian, akaanza kujenga huko majengo madogo madogo, kijiji hiki moja, kile moja. Kazi hiyo anaifananisha na tiba ya sindano ya Kichina: unachoma padogo, nafuu inasambaa mwilini.

Nikupe mfano wa kijiji cha Xing. Wakulima wa pale wanapika sukari guru tangu zamani, familia zilikuwa na vibanda vyao vidogo vyenye moshi. Mwaka 2016 likakamilika jengo moja la wote. Masufuria yako ndani, kuta zimeachwa wazi kuelekea mashamba, na wanakijiji wana mahali pa kukaa wakitazama sukari inavyopikwa. Msimu wa miwa ukiisha, humo humo wanaonyesha sinema na maigizo. Kijiji kingine, Caizhai, walijengewa karakana ya tofu, ile jibini ya soya. Ni jengo la mbao linaloshuka na mteremko wa kilima, na kila hatua ya kazi ina chumba chake.

Nakuomba, katibu, uwasomee kamati sehemu hiyo mara mbili. Watu wale walianza na sukari na soya. Umbo la jengo lilifuata kazi. Ninyi mmeanza kugombania paa kabla hamjaulizana ndani kutafanyika nini, ndiyo maana kikao kimevunjika.

Tembe la maonyesho mimi siliungi mkono. Wageni watapiga picha robo saa, wataondoka, na siku nyingine zote mlango umefungwa popo wanaingia. Ukumbi wa bati nao utakuwa wa kupangisha viti vya harusi. Kondoa mnalima alizeti. Magunia yanapanda kwenye fuso, halafu mafuta yanarudi kwenye dumu mnayanunua. Jengeni nyumba ya kukamulia alizeti, yenye ghala upande mmoja na baraza pana mbele ambapo mikutano itafanyika. Mgeni wa Kolo akija atakuta watu wako kazini, na atanunua chupa ya mafuta. Kijana naye akirudi kutoka mjini atakuwa amerudia ajira.

Sasa tuje kwenye tembe, maana hapo nina neno na wazee.

Nimezaliwa ndani ya tembe, upande wa Mpwapwa. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba bibi alikuwa ananipandisha juu ya paa kwa sababu nilikuwa mwepesi. Nikitembea miguu mitupu nilikuwa nasikia nyufa chini ya unyayo, pale udongo umekauka na kujikunja kingo. Nikisema "hapa", ananirushia donge la udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, nalibandika, nalipapasa na maji mpaka ling'ae. Paa lile lile tulikuwa tunaanikia mtama. Ndani ya nyumba, jua la Oktoba likiwaka, unaweza kulala mchana bila kutoka jasho. Sijaona nyumba ya bati mjini Dodoma inayoweza hivyo.

Lakini paa lile lina uzito wa kutisha. Udongo wa unene wa sentimeta 10 tu, juu ya chumba cha mita 3 kwa 4, ni karibu tani 2 ukiwa mkavu. Ukinyeshewa unaongezeka. Ndiyo maana tembe linataka msitu wa nguzo ndani na boriti zimelala kwa kubanana. Na ninyi wa Kondoa hamhitaji kuambiwa miti ikiisha mlimani kinatokea nini. Makorongo mnayo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Kaya zilitengana na ng'ombe wao kwa ajili ya miti mnayoiona leo. Siwezi kukushauri uikate kwa ajili ya paa moja.

Basi paa liwe la bati, kwenye kenchi, lenye kingo zinazotoka nje hatua nzima ili mvua isipige ukuta. Chini yake wekeni dari ya matete, na acheni uwazi hewa ipite kati ya dari na bati. Joto litapungua na kelele za mvua pia.

Kutoka kwenye tembe chukueni ukuta mnene wa udongo, madirisha madogo upande wa jua kali, na zaidi ya yote uwanja wa ndani. Wazee wetu walizungusha vyumba wakaacha uwanja katikati kwa ajili ya ng'ombe na upepo. Kwenu utakuwa wa kuanikia alizeti bila upepo kupeperusha, na mama anayeanika anawaona watoto wake.

Msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi mpaka magotini. Mawe yamejaa kilimani kwenu. Chumba cha mashine kina mtikisiko, hicho kijengeni kwa tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza miaka mingi. Hazichomwi, kwa hiyo hazili kuni.

Udongo upimeni hivi. Chimba chini ya ule mweusi wa juu, jaza theluthi ya chupa ya maji inayoonyesha ndani, ongeza maji na chembe ya chumvi, tikisa sana, uache kwa siku moja. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kama robo ya kilichotuama, au pungufu kidogo, tofali litashika. Ukizidi sana, ongeza mchanga, la sivyo litapasuka.

Na msipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Nilifanya hivyo kwenye jengo langu la kwanza la kijijini, nikijua naliimarisha. Saruji ilipasuka nywele nywele, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Msimu wa pili kipande cha ukuta kikaanguka na lipu yake, usiku, namshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Wenye jengo niliwaomba radhi na nikalirudia kwa gharama yangu. Kandikeni kwa udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, na kila mwaka mrudie palipochakaa.

Kazi hiyo ya kukandika wanaijua kina mama wazee. Waandikeni kwenye daftari la malipo kama mafundi, siku kwa siku, sawa na mwashi, na kila mmoja apewe kijana wa kumfundisha. Mkimwita bibi aje "kusaidia", atakuja siku moja tu.

SWALI: Mama, nina nyumba ya udongo Kongwa. Mchwa wamepanda mpaka kwenye kenchi. Jirani ananiambia nipake oili chafu kote. Nifanye hivyo?
– Msomaji, Kongwa

JIBU: Hapana mwanangu, oili ile ni sumu, na wewe unapumua humo humo. Mchwa anapita kwenye njia yake ya udongo. Zunguka nyumba asubuhi, tafuta vijia vyote ukutani, vikwangue. Kisha chimbua udongo uliorundikana ukutani kwa nje mpaka msingi wa mawe uonekane pande zote. Vijia vipya ni lazima vipite juu ya mawe, utaviona mapema. Mti wowote uliosimikwa moja kwa moja ardhini, ukate chini, uuwekee jiwe au zege. Ondoa na lile rundo la kuni nyuma ya jiko. Nina hakika lipo.