Chumba cha kulala: rangi ndo iwe kitu cha mwisho kuchagua

Dada yangu hongera kwa kuhamia kwenu. Nimekuelewa hivi: mko Dar, chumba chenu cha masta kina mita 4 kwa 3.5, ukuta ni krimu iliyochoka, chini tailizi za kahawia, upande wa bafuni kuna madoa ya unyevu, shemeji anataka kijivu we unataka kijani, hamjawahi kupamba hata sebule na mnaogopa kuchoma hela. Unauliza mpake rangi gani. Mi naomba hilo swali uliweke pembeni kabisa ulirudie mwishoni, na sababu ninayo, maana nimepamba chumba changu hapa Mbezi, nikasaidia cha dada yangu Tanga na cha mdogo wangu aliyepanga Tabata, na kote huko rangi ilichaguliwa mwisho ndo mambo yakakaa sawa.

Rangi ndo kitu rahisi kupatikana kuliko vyote chumbani. Duka lolote kubwa lenye mashine ya kuchanganya ukiwapelekea sampuli wanakutengenezea. Lakini pazia unachukua kitambaa kilichopo Kariakoo wiki hiyo, mashuka unachukua yaliyopo, tailizi hamuwezi kubomoa saivi, mbao ya kitanda ndo hiyo mliyonayo. Ukianza na rangi unajifunga mwenyewe, unazunguka maduka na kipande cha kadi mkononi unatafuta pazia la kuendana na ukuta hulipati, unachukua linalokaribia, halafu zulia nalo linalokaribia, mwisho wa siku kila kitu ni kipya ila chumba hakijatulia. Anza na vile msivyoweza kubadilisha, fuata vile vigumu kupatikana, rangi ije nyuma yao.

Dada yangu wa Tanga alirithi kitanda cha samadari toka kwa bibi, mbao nyeusi nzito ile ya zamani, na watu wote walikuwa wanamwambia auze anunue cha kisasa chenye kichwa cha sofa. Tukakiacha. Tukachukua kila uamuzi kutokea kwenye kile kitanda: ukuta mweupe wenye joto kidogo, pazia la pamba la rangi ya mchanga, foronya za kitenge, basi. Ndo chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa na vitu vilivyonunuliwa vilikuwa vichache sana. Kwahiyo angalieni kwanza mlichonacho, msiende kwenye picha za Pinterest mkatafuta chumba cha mtu wa Ulaya ambaye hana neti ya mbu wala vumbi.

Sasa ule ukuta wa bafuni. Hapo msipake kitu chochote mpaka mjue maji yanatoka wapi, nasisitiza sana hapa kwasababu hela nyingi za rangi zinapotelea hapa. Chukua kipande cha nailoni, kibandike na selotepu pande zote nne juu ya doa, kiache siku mbili. Ukikuta maji yako ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka kwenye ukuta wenyewe, bomba linavuja au maji ya bafuni yanapenya kwenye viungo vya tailizi. Ukikuta matone yako juu ya nailoni upande wa chumbani basi ni hewa yenu, chumba hakipumui, fungueni madirisha na sogezeni kabati mbali na ukuta hata vidole vinne. Kama doa liko chini karibu na sakafu na linapanda juu, hapo inawezekana ni unyevu wa ardhini, msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji, na hiyo ni kazi ya fundi ujenzi sio ya fundi rangi. Ule unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi, usiuoshe na maji, ukwangue ukiwa mkavu kwa brashi ngumu. Akija fundi akakwambia "tunapiga skimu juu yake inapotea", yaani ule unga laini wa kusawazisha ukuta kabla ya rangi, mwambie asubiri, maana inapotea miezi michache halafu inarudi na inabandua na skimu yenyewe. Na tafadhali msifunike na zile karatasi za kubandika ukutani au yale matofali ya sponji yenye gundi, Dar unyevu ni mwingi, yanabanduka kwenye kona na nyuma yake kuvu wanajiotea raha mustarehe. Pale Tabata mwenye nyumba alikuwa ameyabandika, mdogo wangu alipobandua harufu ilijaa chumba kizima.

Mkimaliza ukuta njooni kwenye kitanda. Sita kwa sita godoro lake ni kama mita 1.83 upana, kitanda chenyewe na mbao zake kinakaribia mita 2, mkikiweka katikati ya ukuta wa mita 3.5 zinabaki sentimita 75 hivi kila upande. Inatosha kupita na kuweka stuli ya kando, haitoshi kufungua mlango wa kabati la nguo la kuvuta mbele ukiwa umesimama vizuri. Chukueni chaki mchoree sakafuni kila kitu kwa vipimo vyake, kitanda, kabati, dresing tebo, mpaka mlango unapofungukia, halafu mtembee humo ndani usiku mmoja mzima kana kwamba vipo. Haina gharama yoyote na inasaidia kuliko picha za kwenye simu. Tena kuna suala la panga boi na neti, hili watu wa mapambo hawalisemi kabisa. Kama panga boi liko katikati ya chumba na kitanda kimesogea ukutani, neti ya duara ya kuning'iniza itapigwa na upepo usiku kucha na inakukaa usoni. Mi napendelea neti ya mstatili ya stendi nne, au weka nyavu nzuri madirishani ila bado usiache neti. Amueni hili mapema maana stendi za neti zinaonekana chumbani kuliko kitu kingine chochote, ni lazima ziwe za rangi inayoendana na kitanda.

Umeme nao umalizwe kabla ya rangi. Swichi ya taa ya pale mlangoni iwe na mwenzake kitandani, soketi kila upande wa kitanda, kazi hiyo ni kutindua ukuta kwahiyo ikifanyika baada ya rangi ni hasara. Na balbu! Angalieni kwenye boksi, ile iliyoandikwa 6500K ni nyeupe kali ya bluu, inafaa duka, chumbani wekeni 3000K yenye unjano. Nakwambia hivi sio kwa urembo tu, rangi ileile ya ukuta chini ya hizo taa mbili inaonekana kama rangi mbili tofauti, na nyie chumba mnakiona zaidi usiku. Badilisheni balbu leo, kabla hamjachagua chochote.

Pazia. Upana wa kitambaa uwe mara mbili mpaka mbili na nusu ya upana wa dirisha, dirisha la mita 1.5 linataka mita 3 mpaka 3.75, pungufu ya hapo linakuwa limetanuka kama shuka lililoanikwa. Bomba la pazia lifungwe juu karibu na dari na lizidi dirisha pande zote mbili, kitambaa kishuke mpaka karibu na sakafu, hapo chumba kinaonekana kirefu hata kama dari yenu ni ya chini. Kama dirisha linaangalia magharibi wekeni kizito chenye kitambaa cha nyuma cha kuzuia jua, la sivyo saa kumi jioni chumba ni tanuri. Ombeni dukani wawakatie kipande kidogo mrudi nacho nyumbani.

Ndo sasa rangi. Tailizi za kahawia zina joto, zina wekundu na unjano ndani yake. Kijivu anachotaka shemeji kama ni kile cha bluubluu kitagombana nazo, ukuta utaonekana baridi na sakafu itaonekana chafu. Kijani chako nacho kikiwa kibichi sana kuta nne zote kitawachosha. Ila kuna kijani kilichofifia chenye ujivu ndani yake, kinakaa vizuri sana na kahawia na mbao ya mninga, na naona hapo wote wawili mmepata mnachotaka. Kiwekeni ukuta wa kichwani mwa kitanda tu, zilizobaki nyeupe yenye joto, dari nyeupe. Nunueni kopo dogo kwanza, mpake kwenye manila mbili, moja ibandike ukuta wa dirishani nyingine ukuta wa kichwani, iangalieni asubuhi, jioni na usiku taa ikiwa imewaka, na kile kipande cha pazia kikiwa pembeni yake.

Hesabu yake ni hii, ukuta wenu kuzunguka ni mita 15, kama dari iko mita 3 inakuwa mita za mraba 45, toa mlango na madirisha baki 40, mkipaka mara mbili ni 80. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10, kwahiyo kuta zote ni lita 8, kijani lita 2 na kidogo na zilizobaki nyeupe, dari haimo humo, sio ndoo ya lita 20 kama fundi atakavyokwambia. Chukueni ya silki inayofutika, nunueni yote siku moja, na namba ya mchanganyiko muipige picha muitunze. Fundi akitaka kuchanganya kwa macho hapo nyumbani mkatalie kwa upole, siku ukutani pakichubuka hamtaipata tena ileile.

Je mpake wenyewe? Kwa rola mnaweza kabisa, ila skimu na msasa mpeni fundi, hiyo kazi inataka mkono. Na kama mmepiga plasta mpya pale bafuni iacheni ikauke kama wiki nne ndo mpake, sehemu nyingine zinaweza kuendelea.

Nitumie upana wa dirisha na picha ya tailizi uliyopiga mchana bila flashi, nikupigie hesabu ya kitambaa kabla hamjaenda Kariakoo.