Re: Kwa nini wakimbizi wa Kipalestina Lebanon hawapewi chakula moja kwa moja, wanapewa hela?

Mkuu swali lako zuri. Shida ya Lebanon siyo kwamba madukani hakuna chakula, kipo, ila bei haishikiki. Kabla ya 2019 dola moja ilikuwa kama lira 1,500 (lira ndo hela ya Lebanon) na ilikaa hivyohivyo miaka zaidi ya 20, kufika 2023 inauzwa zaidi ya lira 80,000, sasa we piga hesabu mtu analipwa kibarua kwa lira halafu mafuta ya kupikia yametoka nje kwa dola!

Kwa Mpalestina ndo balaa zaidi maana udaktari, uanasheria na kazi nyingine kibao kazuiwa, na tangu 2001 sheria haimruhusu kununua nyumba wala kiwanja, yaani kazaliwa hapohapo, babu yake alikuja 1948, bado mgeni. Kwa hiyo wengi wanabangaiza vibarua vya ujenzi na shamba, na hivyo ndo vilikata mwanzo kabisa hali ilipoharibika.

Hela ya UNRWA, shirika la UN la wakimbizi wa Kipalestina, inatolewa kwa dola, hapo ndo ujanja wenyewe, lira ikianguka we hupotezi. Mama wa kambi ya Ain al-Hilweh mwenye mtoto mgonjwa atanunua dawa, wa jirani atalipa jenereta coz umeme wa serikali ni wa kuotea. Gunia la mchele halilipi jenereta.

Tatizo UNRWA inaishi kwa michango, Januari 2024 Marekani na wenzake waliposimamisha hela, kambi zote zilishika roho mkononi.